Mkate laini unaiharibu soseji ya kuchoma

Skonzi laini yenye sukari haifai kuliwa na soseji ya kuchoma. Mafuta yakishapenya, mkate unakuwa uji mkononi, na sukari inafunika viungo vyote. Wenye mila ya chakula hiki wanachagua mkate mkavu wenye ganda, kisha wanaamua: uishike soseji, au uliwe kando yake?

St. Gallen, Uswisi, wanaula kando. Soseji yao ni nyeupe, ya nyama ya ndama, nguruwe na maziwa. Mkono mmoja unashika soseji iliyozungushiwa karatasi, wa pili unashika Bürli, mkate mdogo wenye ganda gumu la kahawia, ndani una unyevunyevu na matundu. Haupasuliwi wala haupakwi kitu. Unang'ata soseji, unamega mkate. Haradali ni mwiko, na mimi nawaunga mkono: ladha ya ndama na maziwa ni ya upole, haradali kidogo tu inaimeza.

Thuringia, Ujerumani, haradali ina haki yake, kwa kuwa soseji ya huko ina majorama (majani ya kiungo yenye harufu), kisibiti na kitunguu saumu. Ni ndefu, sentimita 15 hadi 20, na mkate ni mfupi. Soseji inachomoza huku na huku. Mkate uko hapo ili vidole visiungue. Nürnberg, pia Ujerumani, soseji ni ya sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25, ndiyo maana zinaingia tatu katika mkate mmoja: Drei im Weggla, yaani "tatu ndani ya mkate".

Ukichoma nyumbani, subiri makaa yashike majivu meupe, na geuza mara kwa mara. Usitoboe soseji! Mafuta yakidondokea makaa, moto unalipuka, ngozi inashika masizi na nyama inakauka. Soseji mbichi iive hadi katikati, isibaki na wekundu.

Aliye Mombasa au Unguja anao mkate unaofaa: boflo. Kata kipande cha sentimita 10, kipasue ubavuni bila kukitenganisha, pasha upande wa ndani dakika moja juu ya wavu. Soseji ya ng'ombe yenye pilipili manga, itie ndani na haradali kijiko cha chai. Ya kuku isiyo na viungo vikali, iache nje ya mkate, na haradali ibaki kwenye chupa.