Feri Ilivyonifungulia Heda

Fundi alinionya. Nalisema mapema, kabla hajawahi kulisema yeye barazani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, urithi wa marehemu ami yangu. Ndiyo aina ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, na ami hakuacha kutukumbusha, ingawa lake yeye safari ndefu kabisa lilifika Malindi. Mimi nikaona sauti yake haina heshima. Nikanunua heda: mabomba sita ya kutolea moshi wa injini, yaliyopindana kama minyiri ya pweza, yachukue nafasi ya lile pande la chuma la kiwandani.

"Haya yatashuka chini sana," fundi akasema, akipima kwa shubiri. "Na springi ulishazikata mwenyewe, gari limeshalala."

Nikamwambia afunge.

Siku tatu! Injini ile ina silinda sita kwa mstari, na kabureta zake mbili zimekaa upande uleule wa egzosti, gasketi ni moja. Yaani ukitaka kugusa choo, uvunje kwanza jikoni. Na bolti zilizokula chumvi ya bahari miaka yote hiyo hazifunguliwi, hubembelezwa. Fundi akazimwagia dizeli, akazipasha moto wa gesi, nadhani na dua alizisomea. Spana namba 12 ikazunguka laini, tukachekeana. Kumbe bolti imekatika, nusu imelala ndani ya hedi, kichwa cha injini. Siku ya pili nzima ilikwenda kwa nusu hiyo.

Siku ya tatu jioni likawaka. Mafuta yaliyopakwa kwenye mabomba mapya yakaanza kuungua, Kibokoni nzima moshi. Jirani akatoa kichwa dirishani: "Mwanangu, wachoma nini na nguo zangu ziko kambani?" Sikumsikia vizuri. Ule mngurumo, wallahi, ulinipandisha cheo.

Kesho yake kulikuwa na harusi Likoni. Nikajipeleka feri saa nane mchana, kanzu nyeupe pe, maji yamekupwa. Mtu wa Mombasa ashaelewa: maji yakikupwa feri hukaa chini, na ule ulimi wake wa chuma haulali sawa. Kushuka upande wa pili, magurudumu ya mbele yakapita. Tumbo halikupita.

Kraaaa!

Nikaning'inia pale, mbele ulimini, nyuma dekini. Nyuma yangu lori la saruji, tuktuk, mikokoteni, na umma wote wa saa nane. Honi! Vijana wakaja: "Haya, moja, mbili, sukuma!" Gari likachomoka. Mabomba manne yakabaki.

Sasa injini bado inawaka, na haina tena wa kuifumba mdomo. Mlipuko uliotoka, kuna mama alipiga kelele transfoma imepasuka. Mbuzi mmoja juu ya mkokoteni, naye nahisi wa harusi ileile, akakata kamba akatangulia kushuka.

Hamali akaokota vyuma vyangu, vingali vya moto, kavishika kwa gunia. "Yakhe, utumbo wako huu." Akanitoza mia mbili.

Harusini nilifika kwa miguu, kanzu rangi ya makaa.

Jumatatu mkokoteni ukafika gereji. Fundi akakigeuza kila kipande, taratibu, kama anayechagua samaki sokoni.

"Mimi siku tatu," akasema. "Hawa wa feri wametumia spana gani?"