Wasifu usiojua mwisho wake

Nimesoma vitabu kadhaa vya maisha ya Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani, Nirvana, na kinachonikera ni kwamba vingi huanzia kaburini. Mwandishi anajua tayari kuwa tarehe 8 Aprili 1994 fundi umeme atafika kwenye nyumba yake ya Seattle na kuukuta mwili wa Kurt, aliyejiua. Basi kila anachookota huko nyuma kinageuka dalili. Wazazi waachane mtoto akiwa na miaka 9: dalili. Achore zimwi daftarini: dalili. Kwani ni watoto wangapi wamechora mazimwi, wakakua wakawa wahasibu?

Ndiyo maana narudia sana kitabu cha Michael Azerrad, kilichotoka 1993, Kurt akiwa hai. Hicho hakina habari na kaburi. Ndani yake namkuta kijana wa Aberdeen, mji alikozaliwa huko Marekani, anayetania, anayelalamikia tumbo lake lisilopona, na anayetia chumvi. Tena chumvi ya kilo! Kuna kile kisa chake maarufu, kwamba alipokosa pa kukaa alilala chini ya daraja la mto Wishkah, na wimbo akautunga kuhusu hapo. Wapenzi wa Nirvana tulikimeza kizimakizima.

Charles R. Cross, katika kitabu chake cha 2001, alikwenda kuwauliza waliokuwepo. Krist Novoselic, mpiga besi wa bendi, akamwambia kuwa Kurt alikuwa akishinda pale, lakini kuishi, hapana: kingo zote ni tope, na maji hujaa na kupwa. Kwa kazi hiyo Cross nampa heko.

Lakini Cross huyohuyo, akifika kwenye saa za mwisho, anasimulia hatua kwa hatua kana kwamba alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo. Mara ya kwanza niliisoma sura ile kwa pumzi moja, nikaona aibu baadaye, kama mtu aliyechungulia dirisha la wenyewe. Siku hizi nikiifikia naifunika.

Ukinilazimisha kuchagua, nachukua uongo wa daraja. Ule angalau ni wa Kurt mwenyewe, na alikuwepo wa kuulizwa: maji yakijaa usiku, blanketi ulikuwa unalihamishia wapi?