Panya akila hafiki mlangoni

Jamani hivi hawa wauza dawa za mende wenye vispika nani kawapa ratiba ya usingizi wa mwanangu? Nauliza tu, kwa sababu asubuhi nzima hapiti mtu, kimya, unasikia hadi mchwa wanatafuna kenchi, anasubiri mpaka mtoto apepese jicho la mwisho, afumbe, ndio inaanza kule kona, "ua mende, ua kunguni, ua panya, panya akila hafiki mlangoni".

Mtoto ana wiki tatu na siku mbili. Leo nimembembeleza tangu saa nne asubuhi, nyimbo za chekechea zimeisha zote nikahamia wimbo wa taifa, na nimeuimba nimesimama wima maana adabu ni adabu. Saa nane kasoro akalegea. Sasa wazazi wenzangu mnaijua ile kazi ya kumshusha, unainama kama umebeba trei la mayai, mgongo unalia we hulii, halafu unaanza kuuchomoa mkono chini ya shingo, kidole kimoja, unasubiri, kidole kingine, unasubiri. Nimebakiza kidole gumba. Panya akila hafiki mlangoni! Mikono ya mtoto ikaruka juu kama kaambiwa yuko chini ya ulinzi.

Nikatoka. Mimi ni mtu mzima, nina ndevu, nina kitambulisho cha taifa, sio mtu wa kufukuzana na watu barabarani, ila leo nimetoka mbio. Na nimetoka na kanga, suruali zote mbili za nyumbani zimeshacheuliwa, nimevuta ya kwanza niliyoiona kwenye kamba, kumbe ya mama mkwe, na nyuma kwenye makalio imeandikwa "naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Hilo nimeambiwa baadaye.

Namfikia, nampungia, "kaka zima hiyo!" Spika ipo begani karibu na sikio, hasikii kitu. Kaona mteja. "Ya unga au ya maji?" Nikaona bora ishara, nikaunganisha viganja nikalaza shavu, yaani kulala, mtu amelala. Akatikisa kichwa kwa huruma, "hao kunguni hao, usiku ndio wanakuja". Nikafanya ishara ya kubeba mtoto, mikono hivi, nabembea. Jamaa katoa macho. "Panya mkubwa hivyo?! Mzee huyo chukua paketi tano, moja utamshibisha tu."

Nikaizima mwenyewe. Haizimi! Swichi ilishakufa, mpaka uchomoe waya. Akauchomoa, na ule ukimya uliokuja hapo sijausikia tangu mke wangu ajifungue. Nikamweleza nina mtoto mchanga ndani, kwa ile sauti ya kibaba, nikijiandaa kutoa hotuba. Akaniuliza, "wiki ngapi?" Tatu. Akacheka kidogo bila meno kuonekana. "Mimi wawili. Mapacha. Mwezi na nusu."

Ndio nikamwangalia vizuri. Macho mekundu, shati kalivaa ndani nje, begani lile doa jeupe la maziwa yaliyokauka, na mimi ninalo bega lile lile. Anasema bro mimi nalala huku natembea, hii spika inaongea yenyewe, nikiizima naanguka. Nikadhani utani. Hotuba ikaniishia, nikajikuta nasema nipe paketi moja ya buku, nikampa elfu tano. Akakaa kwenye tofali ahesabu chenji, moja, mbili, tatu... nne akaishikilia, kidevu kikashuka. Kalala. Na elfu nne yangu mkononi.

Sasa hapo nambie wewe ungefanyaje. Mimi niliyetoka mbio na kanga ya mkwe kuja kugombana na mtu anayeamsha wenzake, leo nimwamshe? Nimesimama pale juani, watu wanapita, "hongera baba mzazi", wakishanipita wanasoma, wanacheka. Mwishowe nikainama. Nikaanza kuitoa ile hela, kidole kimoja, nasubiri, kidole kingine, nasubiri. Nimebakiza gumba, bodaboda isiyo na egzosi ikapita. Jamaa mikono juu! "Panya akila!" kasema mwenyewe, bila spika.

Nikarudi ndani na paketi tano. Usiniulize zimekuwaje tano.

Mama mkwe yuko mlangoni, mtoto begani kwake kalala fofofo, wala sijui kalala saa ngapi, ananitazama kuanzia kanga kwenda juu. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili kwa siku moja. Mkwe wangu ni mtu mwema, katoka Moshi na ndizi za mtori, ila tangu afike mimi nalala kwenye kochi la watu wawili na mimi ni mtu na nusu, na kila siku tunabishana kiheshima kuhusu maji, kliniki wamesema maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, yeye anasema mbona nyie mlikunywa mkakua. Wageni nao, anakuja mtu na kipande cha sabuni anaondoka kamaliza supu ya mzazi.

Na hapo watu wanasema pumzika. Kwa likizo ipi? Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imempa mama siku 84, akipata mapacha siku 100, baba siku 3, na uzichukue ndani ya wiki ya kwanza. Zangu zimeisha naleta chupa za chai wodini! Siku ya nne nipo ofisini nimeandika "mpendwa kichanga" kwenye barua ya mteja. Jioni daladala imenipitisha kituo mpaka mwisho, konda kanigusa bega, mzee tumegeuza, unarudi? Nikalipa tena.

Na usiku ukisema sasa, basi uniti za umeme zinaisha, feni inasimama, analia. Zikirudi, jogoo wa jirani. Yule jogoo saa tisa usiku anawika, saa tisa, alfajiri gani hiyo, nimeshaongea na mwenyewe mara mbili, anasema ni wa mbegu. Sawa. Sisi ndani hatuna panya hata mmoja, na zile paketi tano zipo juu ya kabati. Sijasema kitu. Nimesema zipo juu ya kabati.