Profesa Kachukua Nini?

Ilikuwa Chengdu, jimbo la Sichuan, China, mwaka 2017, kwenye kibanda cha tambi nyuma ya chuo. Mdomo wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa ile pilipili yao ya huājiāo, na rafiki yangu Mchina alikuwa hali. Alinisogezea simu. Profesa wake, Mwingereza, alikuwa amemwandikia mstari mmoja tu: “I take it you won't be joining us on Friday.”

Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesingiziwa wizi: “Lǎoshī, profesa kachukua nini?”

Lǎoshī ni mwalimu, na mimi sikuwa mwalimu wa mtu. Tulikuwa na yale makubaliano ya hùxiāng xuéxí, kufundishana: saa moja yeye ananyoosha toni zangu, saa moja mimi namsaidia Kiingereza. Lakini aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, sijui kwa adabu au kwa utani, nami cheo nikakizoea.

Nikamwambia hajachukua kitu. Anasema anavyoona yeye, Ijumaa huji. Hakuridhika. Akafungua kamusi ya kwenye simu: take, moja, ná, kushika kitu mkononi. Mbili, dài, kwenda na kitu. Tatu, nne, tano. Aliteremsha kwa kidole gumba, akateremsha, hadi tambi zake zikapoa zikagandana. “Ni namba ngapi hapa?”

Sasa, huyu si mtu wa kubahatisha. Mtihani wa Kiingereza wa vyuo vyao, ule wanaouita sìjí, aliufaulu vizuri. Maneno makubwamakubwa anayo kichwani kuliko mimi. Wanafunzi wa China wana utani wao kuhusu “abandon”: vitabu vya msamiati vimepangwa kwa alfabeti, hilo linakuwa kati ya maneno ya mwanzo kabisa, kwa hiyo kila mtu analijua, na wengi wanatii maana yake palepale. Ila “abandon” haimsumbui mtu. Ina mwenzake wa Kichina, fàngqì, kuacha, kukata tamaa na jambo. Unawafunganisha wawili hao, unalala. Kinachowaua ni “take”, “get”, “run”, “set”, vijineno ambavyo mtoto wa miaka mitatu wa London anavitema mdomoni kama mate.

Na si kidogo. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye majuzuu 20, iliipa “set” nafasi ndefu kuliko neno jingine lolote, maana kama 430. Wahariri walipopitia upya, “run” ikaipiku. Mwaka 2011 ikaelezwa kwamba kitenzi hicho peke yake kina maana 645. Mwambie Mchina anayejiandaa na mtihani azikariri hizo. Kuna mwalimu mmoja wa masomo ya jioni, simtaji, aliyewagawia kina rafiki yangu karatasi ya “take” yenye maana arobaini na kitu, pande zote mbili, maandishi madogo kama ya kwenye boksi la dawa. Nilipoiona nilimwonea huruma aliyeichapa.

Msimamo wangu ni kwamba orodha zile ni kazi bure. Ukimfundisha Mchina maana za “take” unamfundisha kitu ambacho hakipo. Neno lile karibu ni tupu. Kazi inafanywa na nomino iliyokaa pembeni yake.

Sikuanza na msimamo huo, lazima nikiri. Nilianza kama wanavyoanza wajuaji wote, kwa kutafuta kiini. Nikamchorea mkono unaotoa kitu huku na kukileta huku, nikamwambia haya ndiyo maana mama, nyingine zote ni watoto. Hata historia nikaitia: kwamba Waingereza wa kale walikuwa na neno lao, niman, kisha Wanorse, watu wa Skandinavia, wakaingia na kitenzi chao, taka (msicheke), na kile cha wageni kikamfukuza mwenyeji. Niman imebaki kwenye mabaki tu, mfano “numb”, ganzi, yaani aliyechukuliwa hisia. Nikamwonyesha mdomo wangu. Akafurahi sana. Kisha akauliza: ukipiga picha, mkono unachukua nini kwa nani? Ukilala usingizi kidogo mchana, je?

Mkono wangu wa kuchora ukaishia hapo.

Kilichonifumbua macho ni dawa. Alipata mafua, akanitumia ujumbe kwa Kiingereza kwamba tayari “ameshakula” dawa. Nikamsahihisha haraka, nikajiona wa maana: huli dawa, unai-“take”. Dakika moja baadaye nikajisikia mjinga. Kichina ni chī yào, kula dawa. Na mimi je? Mtu wa Dar hata akimeza kidonge kikavu bila tone la maji atakwambia amekunywa dawa. Kidonge ni kilekile. Mchina anakila, Mswahili anakinywa, Mwingereza anakichukua, na wote watatu wanapona. Nani mwenye akili hapo?

Ukishaliona hilo unaliona kila mahali. Kupanda basi, Mwingereza “anachukua” basi, Mchina anakaa basi, zuò chē. Muda, kwa Mwingereza “unachukuliwa”, Mchina anautumia kama hela, huā. (Sisi siku hizi nasi tunasema jambo linachukua muda. Mwalimu wangu wa Kiswahili sekondari alikuwa akilikata kwa wino mwekundu, anasema hilo limeshuka na ndege.) Mtihani, rafiki yangu alikuwa “anahudhuria” mtihani, kwa sababu kwao unashiriki mtihani, cānjiā. Picha ndiyo ilinikosha kuliko zote: wao ni pāi zhào, na pāi ni kupiga kwa kiganja. Mtu aliyezaliwa Tandale na mtu aliyezaliwa Sichuan wote wanaipiga picha, halafu wanaenda darasani kuambiwa kwamba kumbe inachukuliwa.

Hapo ndipo nikamuuliza kuhusu dǎ.

Dǎ, 打, ina alama ya mkono upande wa kushoto, na maana yake ya kwanza ni kupiga, kumpiga mtu. Nikamwambia anitajie vitu ambavyo Mchina “anavipiga”. Akaanza. Dǎ diànhuà. Piga simu, nikasema. Dǎ pēntì. Piga chafya! Dǎ hāqian. Piga miayo! Dǎzì, kuandika kwa mashine. Piga chapa! Dǎzhēn. Piga sindano! Wenye kibanda wakageuka kututazama, maana sasa nilikuwa nagonga meza. Sina maelezo ya kitaalamu ya kwa nini lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepanga chafya na simu kwenye chumba kimoja, na wala siyahitaji. Nilijisikia kama niliyekutana na mtu wa kijijini kwetu kwenye stendi ya nchi ya watu.

Hazilingani hadi mwisho, bila shaka. Wao “wanapiga” maji, sisi tunachota. “Wanapiga” samaki, sisi tunavua. Mwavuli “wanaupiga”, na hata sweta la kufuma. Lakini angalia hivi: dǎchē, kupiga gari, ni kukodi teksi, na Mwingereza hapo anasema “take a taxi”. Dǎbāo, kupiga furushi, ndilo analosema Mchina mgahawani akitaka kufungiwa chakula aende nacho. Mwingereza ana “takeaway”. Njia za “take” na dǎ zinakatizana kabisa.

Na Wachina wenyewe wameshaichoka dǎ yao tangu zamani. Ouyang Xiu, mwanazuoni na waziri wa karne ya 11, alilalamika kwa maandishi kwamba dunia nzima, wakubwa kwa wadogo, wanalitumia neno hilo ovyo: wanapiga maji, wanapiga samaki, wanapiga mwavuli, wakati kupiga ni kupiga. Mwaka 1926 Liu Bannong, huyu aliyewaletea Wachina herufi ya “yeye” wa kike, akalirudia lalamiko hilo na kuanza kukusanya mifano yake. Miaka mia tisa ya malalamiko, na asubuhi ya leo kuna mtu Chengdu anapiga maji. (Hiyo herufi, kwa njia, ni ya kuandika tu. Ukitamka ni tā kwa wote, mwanamume na mwanamke, kama “yeye” yetu. Ndiyo maana mimi na rafiki yangu tulikuwa tukichanganya “he” na “she” kwa zamu, na hakuna aliyemcheka mwenziwe.)

Basi nikamwambia: je, mtoto wa Kichina anakariri maana ishirini za dǎ? Akacheka. Hakariri kitu. Anasikia simu, anaisikia na dǎ yake. Anasikia chafya, na dǎ yake. Neno linakuja limeshafungishwa ndoa. “Take” ni dǎ ya Waingereza. Tukaitupa ile karatasi ya arobaini na kitu. Akachukua daftari, upande wa kushoto akaandika nomino, kwa Kichina: dawa, basi, picha, mtihani, kiti, mapumziko. Upande wa kulia, sentensi nzima ya Kiingereza aliyoisikia au kuisoma mwenyewe, si ya kutunga. Sharti lilikuwa moja tu, asiandike tafsiri ya “take” peke yake mahali popote. Na pale nomino ilipodai kitenzi kingine, aiandike hivyohivyo bila kuuliza sababu: makosa yanaenda na “make”, kazi za nyumbani zinaenda na “do”.

Najua pingamizi. Kuna watu wataniambia huko nako ni kukariri, nimebadilisha karatasi tu. Sawa, ni kukariri. Lakini wewe uliyejifunza “piga mswaki” ulieleweshwa na nani? Kuna siku ulikalishwa ukaambiwa mswaki unapigwa kwa sababu hii na hii? Tofauti ni kwamba daftari lile linaanzia pale mtu anapoanzia kufikiri. Hakuna anayeamka na hamu ya kusema “take”. Mtu anaamka na kichwa kinamuuma, anataka kusema habari za dawa.

Pale njia yangu ilipokwama ni kwenye “take” zenye mikia: “take off”, “take on”, “take up”, “take in”. Ndege inapaa, kibarua kinakubaliwa, mchezo unaanzwa, mtu anatapeliwa, yote ni kitenzi kimoja na kijineno nyuma. Hapa nilidhani atazama. Kumbe wao wana mikia yao. Kichina kinabandika “inuka-njoo”, qǐlai, nyuma ya “fikiri”, ikawa kukumbuka. Mchina anaposikia kitenzi kikifuatwa na neno la mwelekeo lisiloelekea popote, yuko nyumbani. Vijana wao wameshaichukua hata “get” ya Kiingereza wakaibandika mkia wa Kichina: get dào le, nimeipata, nimeelewa. Waingereza hawakuombwa ruhusa.

Na mimi mikia yangu iko wapi? Hilo lilinijia usiku, nikitafakari bado ile ya profesa. “I take it” mimi niliielewa papo hapo, bila kamusi, na nikajisifu moyoni kwamba Kiingereza changu si haba. Uongo. Niliielewa kwa sababu tuna “nachukulia”. Chukua, tia mkia wa -lia, tayari umetoka mkononi umeingia kichwani: usichukulie vibaya, nachukulia huji Ijumaa. Tia mwingine: kuchukuliana, kuvumiliana. Bibi yangu, ambaye hakujua hata “good morning”, ndiye aliyenifundisha “I take it”. Rafiki yangu hakuwa na njia hiyo. Ná ya Kichina haiendi huko. Yeye angesema kànlái, inaonekana. Nilipomwambia kànlái, badala ya kumpa namba ya maana kwenye kamusi, alimjibu profesa palepale.

Wiki iliyofuata ikawa zamu yangu ya kuulizwa. Alikuwa ameamua kujifunza Kiswahili kidogo, na alitaka tuanze na piga, kwa kuwa, alisema, hiyo anaijua tayari. Nikamwandikia ukurasa mzima. Alipita kwenye simu, chafya na miayo akitikisa kichwa kwa kuridhika. Piga kura akatulia kidogo, akaikubali. Piga hodi akaielewa mwenyewe, akagonga meza. Kisha kidole kikasimama.

“Piga pasi,” alisoma. Akanitazama mimi, akalitazama shati langu. “Lǎoshī, nguo imekosa nini?”