Kidonge cha mazoezi kipo, ila moyo nao unakimeza

Kila baada ya muda inarudi ile habari ya kidonge cha mazoezi, umekaa kwenye kochi unameza kitu na mafuta yanaungua yenyewe. Sio uongo mtupu, ndo maana haifi. Ndani ya seli kuna kimeng'enya kinaitwa AMPK, kinapima nishati, ikipungua kinawaka na kuulazimisha mwili uchome mafuta, uvute sukari kutoka kwenye damu na uache kutengeneza mafuta mapya. Ukikimbia kinawaka. Sasa watafiti wakasema kwa nini tusikiwashe kwa dawa?

Mwaka 2008 timu ya Ron Evans pale Salk Institute, California, iliwapa panya AICAR, dawa inayowasha AMPK, kwa wiki 4 bila mazoezi yoyote, panya wakakimbia 44% zaidi ya wenzao. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, ikaja kuipiga marufuku kwa wanamichezo, kwahiyo watu wa mbio waliielewa mapema kuliko watu wa kisukari, haha.

Wanaoitetea hii njia wana hoja, tena nzito, dawa ya kisukari inayoitwa metformin. Ufaransa inatumika tangu 1957, huku kwetu mgonjwa gani wa sukari haijui, na inagusa AMPK japo wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani. Lakini hapohapo angalia: utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 kwa watu waliokaribia kupata kisukari, metformin ilipunguza hatari kwa 31%, wenzao waliobadili msosi na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki ikapungua kwa 58%. Na uzito unaopungua kwa metformin ni kilo chache tu.

Basi tengeneza yenye nguvu zaidi, si ndio? Kampuni ya dawa ya Merck walifanya hivyo, dawa yao inaitwa MK-8722, matokeo yakatoka 2017: sukari ilishuka vizuri kwa panya na hata kwa tumbili, ila mioyo ikavimba na kujaa glaikojeni (sukari inayohifadhiwa kwenye seli). Watetezi wanasema moyo ulikuwa bado unapiga kawaida, na kweli hata wakimbiaji mioyo yao hukua. Mimi hapo siwafuati, maana kuna watu wanazaliwa na hitilafu kwenye jini ya hichihichi kimeng'enya (PRKAG2) na mioyo yao inanenepa, mapigo yanavurugika. Alafu mwanariadha anapumzika, kidonge cha kila siku hakipumziki.

Kingine watu hawakisemi, AMPK iko hadi kwenye ubongo, na ikiwaka kwenye sehemu ya njaa unataka kula zaidi! Semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, imeshinda kwa kwenda kinyume, inazima hamu ya kula na haihangaiki na kuchoma, watu wakapungua karibu 15% ya uzito ndani ya wiki 68.

Kwahiyo dawa inayowasha AMPK kwenye ini peke yake, kwa mgonjwa mwenye ini lililojaa mafuta, hiyo nitaisikiliza hata kesho. Ila kwa mtu anayetaka kitambi kiishe kabla ya harusi na moyo wake bado mzima, aachane nayo tu.