Homa imerudi, kipimo kina mistari miwili

Mama ameshuka boti Kibirizi, bandari ndogo ya Kigoma, mtoto mgongoni anachemka. Wiki mbili nyuma mtoto alimaliza dozi ya mseto, dawa ya malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa mistari miwili, yaani ameonekana nayo. Malaria mpya, au mabaki ya ile ya zamani? Kipimo hakijui. Kinachotafuta ni HRP2, protini ya vimelea vya malaria, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.

Watetezi wa vihisi vya mwanga, mashine zinazopima protini kwa kutumia mwanga, wanaingilia hapo. Katika teknolojia hii, iliyojaribiwa Uswisi tangu miaka ya 1980, mwanga husafiri ndani ya utando mwembamba mfano wa kioo. Sehemu yake kidogo huchungulia nje, nanomita 100 au 200 hivi. Ukibandika pale juu kingamwili, yaani molekuli za kunasa protini unayoitafuta, protini zinazonaswa huuchelewesha mwanga, na mashine husoma huko kuchelewa. Hakuna rangi, hakuna kusubiri slaidi ikauke. Unapata kiasi, na kipande kimoja hubeba njia kadhaa: hii ya HRP2, ile ya pLDH, protini nyingine ya vimelea, ambayo hutoweka mapema vikifa. Kwa mtoto huyu ingesaidia sana.

Sasa shida. Maji yakipanda nyuzijoto 1 tu, mwanga huyumba kama mara mia ya badiliko dogo kabisa ambalo mashine nzuri huweza kulitambua. Lazima kuwe na njia ya kulinganishia, kidhibiti joto na umeme usiokatika. Damu nayo inanata. Albumini, protini iliyojaa kwenye damu, hujibandika popote na kuhesabiwa, na chembe za damu nazo lazima uzitenganishe kwanza. (Aliyewahi kusimama maabara saa nane mchana, umeme umekatika na sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu, imegoma, ananielewa.) Kingamwili zinataka friji.

Na hadubini je? Mtaalamu mzoefu akiona vimelea kwenye tone nene, atavihesabu papo hapo. Tatizo, yeye yuko mmoja na benchi la nje limejaa.

Mimi mashine hii ya mwanga ningeipeleka Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma. Zahanati za kandokando ya ziwa zibaki na kipimo kinachokaa kabatini bila umeme, na homa za kurudi kama hii ziletwe mjini. Ila kabla ya kusaini chochote ningemuuliza muuzaji: vile vipande vya kutumia mara moja, mwaka wa pili tutavinunua kwa fungu gani?