Sigara za Wanawake wa Urusi Hazikuletwa na Uhuru

Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na tangu hapo wako wanaolitaja ongezeko la wanawake wa Urusi wanaovuta sigara kuwa dalili ya uhuru walioupata. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu maelezo hayo yanamtwika mwanamke lawama yote na kuziacha kampuni za tumbaku zilizofaidika zipite bila kuulizwa.

Uvutaji wa wanaume ulikuwa umeota mizizi zamani. Serikali ndiyo iliyomiliki viwanda vya sigara, askari waligawiwa tumbaku vitani pamoja na chakula, na sigara zilipoadimika mwaka 1990 watu waliingia mitaani kwa hasira, hata serikali ya Kisovieti ya Mikhail Gorbachev ikaagiza mabilioni ya sigara kutoka kampuni za Philip Morris na R.J. Reynolds za Marekani. Mwanamke aliyevuta hadharani, kinyume chake, alitazamwa vibaya, na mwaka 1992 wavutaji walikuwa takriban asilimia 7 tu ya wanawake wote.

Kisha viwanda vikabinafsishwa. R.J. Reynolds iliingia St Petersburg mwaka 1992, na British American Tobacco, kampuni ambayo Afrika Mashariki inaijua vizuri, ikachukua kiwanda cha sigara kiitwacho Java, cha Moscow, mwaka 1994. Wanaume wengi walikwisha kuwa wateja, kwa hiyo soko jipya lilikuwa wanawake, hasa vijana wa mijini, ambao walitengenezewa sigara nyembamba katika pakiti za kupendeza na kuonyeshwa matangazo yaliyozihusisha na urembo, wembamba wa mwili na maisha ya Magharibi. Kufikia mwaka 2009 takriban asilimia 22 ya wanawake walikuwa wakivuta, na wanaume asilimia 60.

Jinsi kampuni hizi zilivyowathamini wateja wao ilidhihirika katika Jamhuri ya Czech mwaka 2001, pale ripoti iliyogharimiwa na Philip Morris ilipodai kwamba wavutaji wanapokufa mapema serikali huokoa fedha za pensheni na matibabu. Kampuni iliomba radhi baadaye, lakini hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa.

Urusi ilipitisha sheria kali mwaka 2013, ikazuia matangazo na uvutaji katika maeneo ya umma, na mwaka uliofuata marufuku ikafika mikahawani. Mwaka 2016 wanawake wavutaji walikuwa wamepungua hadi takriban asilimia 14, na sijaona anayedai kwamba uhuru wao ulipungua kwa kiasi hicho. Wanaume ndio wanaonitia hofu zaidi, kwani nusu yao walikuwa bado wanavuta mwaka huohuo, katika nchi ambayo wanaume wengi hufa kabla ya uzee na ambako pakiti ya sigara iliuzwa kwa bei ya chini mno ikilinganishwa na Ulaya Magharibi.